Rangi mpya isifiche ukungu wa nyumba inayouzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalozua ugomvi kila mwaka hapa Moshi na kwa jirani zetu wa Arusha, nalo ni ukungu wa ukutani unaofunikwa kwa rangi mpya siku chache kabla ya mnunuzi kuletwa kuiona nyumba. Mimi ni fundi ujenzi mstaafu, na kwa kuwa majirani na jamaa huniomba niwatazamie nyumba kabla hawajalipa, wakati mwingine hata kabla hawajauza, nimeujua mchezo huu kutoka pande zote mbili. Ninachotaka kusema ni kwamba mwenye nyumba yenye ukungu anaweza kabisa kuiuza, tena kwa bei ya heshima, mradi aanze kwa kuziba njia ya maji na yale atakayoshindwa kuyamaliza ayaandike kwenye mkataba, badala ya kuiachia masika kazi ya kumwambia mnunuzi.

Kalenda ya biashara hii wengi tunaijua. Mwezi Desemba wenyeji wa Kilimanjaro wanaofanya kazi Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na hata nje ya nchi hurudi nyumbani kwa Krismasi wakiwa na akiba zao, na madalali huzunguka nao kutwa nzima katika mitaa ya Shantytown, Soweto, Rau na Longuo. Wakati huo vuli imelegea au imekwisha kabisa, na Januari na Februari jua huwa kali, kwa hiyo kuta zimekauka, rangi inang'aa na chumba kinanukia upya. Mnunuzi analipa, anahamia, anatundika mapazia. Mvua za masika zinaanza Machi, zinashika kasi Aprili, na ikifika Mei pembe za chumba cha kulala zimeota madoa meusi ambayo hakuna aliyeyataja. Baada ya hapo inakuja miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu yakiwa yameulalia mlima na nguo zikishinda kwenye kamba bila kukauka. Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, huongezewa na baridi ya Julai, na wakazi wa Sakina, Ilboru na Sekei hawahitaji kuelezwa ukuta wa baridi ni nini. Ndiyo maana mtu akiniuliza aende lini kutazama nyumba, humjibu aende Aprili, tena siku ambayo mvua imenyesha usiku kucha. Madalali hawanipendi kwa ushauri huo, nami siwalaumu.

Ukungu wenyewe si jambo la ajabu wala la aibu. Vimbegu vyake vimo hewani katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, na haviwezi kuota mpaka vipate maji. Chakula hakivisumbui hata kidogo, kwani vumbi, mbao, gundi, karatasi iliyogandishwa juu ya bodi ya jipsamu na hata rangi yenyewe vinavitosha. Kitu kikilowa na kubaki kimelowa kwa saa 24 hadi 48, ukungu unaweza kuanza. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inasisitiza kwamba anayetaka kuudhibiti ukungu adhibiti unyevu, na inashauri unyevu wa hewa ya ndani usizidi asilimia 60, ikiwezekana ukae kati ya asilimia 30 na 50. Kwa mkazi wa Kibosho au Marangu mwezi wa Mei kiwango hicho ni ndoto, maana hewa ya nje yenyewe imejaa maji, lakini msingi wa ushauri ni uleule: anayeanza na kopo la rangi kabla ya kujua maji yanatoka wapi anapoteza fedha yake.

Doa linaloanzia kwenye sakafu na kupanda hadi kama mita moja, likiwa na ukingo wa kahawia na unga mweupe juu yake, limeletwa na maji ya ardhini. Ule unga mweupe ni chumvi iliyotoka ukutani. Ukiupulizia maji unayeyuka, ilhali ukungu hauyeyuki bali huchafua kidole. Nyumba nyingi zilizojengwa kwa kujibana hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, au iliwekwa ikatobolewa siku ileile na mafundi waliokuwa na haraka. Hata hivyo, nyumba zilizonisikitisha zaidi ni zile zilizojengwa vizuri na kuharibiwa baadaye na wenyewe kwa mikono yao. Mwenye nyumba anataka uani papendeze, anamwaga kifusi, anatandika pevingi juu yake mpaka zinapita usawa wa sakafu ya ndani, na maji ya mvua yanakosa pa kwenda isipokuwa kuingia ukutani. Ardhi ya nje inapaswa kuwa chini ya usawa wa sakafu kwa milimita 150 au zaidi. Kwenye miteremko ya mlima kuna shida nyingine, ya ukuta wa upande wa juu ambao umechimbiwa ndani ya kilima na kuegemewa na udongo mwaka mzima, wakati mwingine kukiwa na mfereji wa kumwagilia migomba unaopita hatua chache tu kutoka hapo. Ukuta wa namna hiyo hauponi kwa brashi. Unataka mtaro uchimbwe nyuma ya nyumba, ujazwe kokoto, na maji yapewe njia ya kuizunguka nyumba badala ya kupita ndani yake.

Maji ya juu ni rahisi zaidi kuyatambua, kwa sababu huacha duara la rangi ya chai kwenye siling bodi, na chanzo chake huwa ni msumari wa bati uliochakaa mpira, bonde la paa lililojaa majani, au bomba linalovuja ukutani. Nitaongeza tu kwamba mtindo wa kuficha paa nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane bapa, ambao umeenea katika mitaa mipya ya miji yote miwili, sijaupenda. Mfereji wa maji unakuwa umefichwa ndani ya jengo, na siku majani yakiuziba, maji hayamwagiki nje mtu akayaona, bali yanashuka kimyakimya kwenye jipsamu.

Chanzo kinachowachanganya watu wengi ni mvuke wa ndani. Nyumba za zamani zilikuwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha, yamewekewa wavu wa mbu, na hewa ilipita usiku na mchana hata mwenye nyumba akiwa amesafiri. Siku hizi tunaweka madirisha ya alumini yanayofunga kabisa, tunayafunga mchana kwa sababu ya vumbi na usiku kwa sababu ya wezi, kisha humo ndani tunaoga maji ya moto, tunachemsha maharage kwenye gesi, ambayo nayo ikiungua hutoa mvuke, na msimu wa mvua tunaanika nguo kwenye migongo ya viti. Mvuke ule hutafuta ukuta wenye baridi ugeuke matone. Ukitaka kuuona, vuta kabati la nguo lililosimama kwenye kona ya ukuta wa nje. Utakuta plaiwudi ya nyuma imepata rangi ya kijivu, ukuta una madoa meusi yaliyofuata umbo la kabati, na viatu vya ngozi vilivyosahauliwa chini vimeota manyoya meupe. Sebule ya nyumba hiyohiyo itakuwa safi kabisa, na mwenye nyumba atakuapia kwamba hana tatizo la unyevu, naye anasema kweli kwa kadiri anavyojua.

Kuna jaribio lisilo na gharama ambalo muuzaji na mnunuzi wote wanaweza kulifanya. Kata kipande cha karatasi ya alumini inayotumika jikoni, kibandike ukutani mahali penye shaka, kingo zote zikifungwa kwa utepe wa gundi, ukiache kwa siku moja au mbili. Ukikibandua ukakuta matone upande uliogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiyakuta upande unaotazama chumba, ni mvuke wa hewa. Jibu hilo ndilo linaloamua kama fedha iende kwenye mtaro na bomba, au kwenye kutoboa matundu ya hewa na kusogeza kabati mbali na ukuta.

Sasa nije kwenye rangi yenyewe. Anayeuza kwa haraka humwita fundi rangi, naye hukwangua juujuu, hupiga skimu, ile plasta nyembamba ya kulainishia ukuta, na kumalizia na mikono miwili ya rangi ya mafuta, kwa kuwa ya mafuta hung'aa na huficha madoa vizuri. Ukuta ulio na maji ndani hauwezi kupumua chini ya rangi hiyo. Baada ya wiki kadhaa unatoa malengelenge, na ukilibonyeza moja kwa kidole cha gumba linapasuka na kutoa maji yenye harufu ya udongo, nyuma yake skimu ikiwa imelainika kama uji. Ukuta uliolowa kwa muda mrefu haukauki kwa siku mbili tatu. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na mafundi Uingereza ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na hesabu hiyo inaanza siku maji yalipozuiwa, si siku fundi alipoitwa. Wapo wanaotaka kuharakisha kwa kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hao nawasihi waache mara moja, kwa sababu hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa huua watu, na jiko halikaushi ukuta zaidi ya ngozi yake ya nje.

Watu wengine huniambia kwamba hayo ni madoa tu, kwa nini nikuze jambo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009, na hitimisho lake ni kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu au ukungu wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Nchini Uingereza, mtoto Awaab Ishak wa mji wa Rochdale alifariki Desemba 2020 akiwa na umri wa miaka 2, na Novemba 2022 uchunguzi rasmi wa kifo chake ulitamka kwamba chanzo ni ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika kwa mwenye nyumba. Kifo hicho kilisababisha sheria ya nchi hiyo ibadilishwe mwaka 2023, ili wapangishaji wa nyumba za jamii, yaani zile za kodi nafuu, walazimike kushughulikia malalamiko ya namna hiyo kwa muda maalumu. Sisemi kwamba kila doa jeusi ni sumu, wala rangi nyeusi peke yake haimwambii mtu ni ukungu wa aina gani. Nasema tu kwamba anayemuuzia mwenzake chumba cha watoto chenye ukungu uliofichwa hamuuzii tatizo la urembo.

Kuusafisha, kama eneo ni dogo lisilozidi mita moja ya mraba hivi, hakuhitaji mtaalamu. Vaa glavu na barakoa, fungua madirisha, sugua kwa maji na sabuni, kisha kausha kabisa. Jiki hufanya doa lipauke, na ndiyo sababu tunaipenda, lakini kupauka siyo kuondoka, na hata mabaki ya ukungu uliokufa huweza kuwasumbua wenye mzio. Isichanganywe kamwe na dawa ya choo au na kitu chenye amonia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Siling bodi ya jipsamu iliyoota ukungu ing'olewe na kutupwa, godoro na zulia vilevile, kwa sababu huko ukungu umeingia ndani na brashi haiufikii.

Kuhusu sheria, mimi si mwanasheria, lakini nimekaa na mawakili vya kutosha kwenye meza za mauziano kujua mahali wanapofungua kitabu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 17, inapoeleza maana ya udanganyifu inataja kuficha kwa vitendo jambo ambalo mtu analijua, na inaeleza pia kwamba kunyamaza tu, kwa kawaida, si udanganyifu isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu kusema. Kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa nafasi ya kuukataa mkataba, ingawa sheria hiyohiyo inatazama pia kama naye angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Wauzaji wengi hushika hilo neno la kunyamaza wakadhani wamesalimika. Mwenye nyumba aliyekaa kimya huku doa likionekana ukutani ana la kujitetea. Aliyepiga skimu juu ya doa wiki moja kabla ya mteja kufika hakunyamaza, alitenda. Tofauti hiyo inastahili kufikiriwa kabla ya kumlipa fundi rangi, na maneno "nyumba inauzwa kama ilivyo" hayaifuti kirahisi kama wengi wanavyodhani.

Jimbo la California nchini Marekani lina fomu ya maelezo ambayo muuzaji wa nyumba ya kuishi humjazia mnunuzi, na ukungu umetajwa humo kwa jina, pamoja na vitu kama asbesto na rangi yenye risasi. Katika mikataba niliyowahi kuoneshwa hapa kwetu, kurasa nzima huzungumzia mipaka, hati, majirani na mashahidi, na mwenyekiti wa mtaa hugonga muhuri wake, lakini hali ya kuta haipati hata mstari mmoja. Tumekuwa hodari wa kuandika ukutani kwa herufi kubwa "Nyumba hii haiuzwi" ili kuwazuia matapeli, na tulipo kweli na nyumba ya kuuza tunauziana mbuzi kwenye gunia. Tusimtegemee mthamini atusaidie katika hili. Wathamini wetu wanasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016 na kazi yao ni kukadiria thamani. Hawaji kuvuta makabati wala kupanda darini na tochi. Kwa kazi hiyo mnunuzi atafute fundi mwaminifu au mhandisi aliyesajiliwa, amlipe ujira wake, na asimchukue yule aliyeletwa na dalali.

Najua hofu ya muuzaji ni bei. Anaona akitaja ukungu, mnunuzi atakimbia au atakata mamilioni. Uzoefu wangu ni kwamba mnunuzi anayekimbia ni yule aliyegundua mwenyewe baada ya kuambiwa hakuna kitu, kwa sababu kuanzia hapo haamini tena hata hati. Aliyeambiwa mapema, akaoneshwa mtaro mpya nyuma ya nyumba, risiti ya mabati na picha za ukuta kabla ya kupakwa, hujadili gharama ya kilichobaki na jambo likaisha. Gharama hiyo inaweza kukadiriwa na fundi yeyote kwa siku moja. Gharama ya kesi, na ya kusalimiana kwa shingo upande na mtu ambaye bado mnasali kanisa moja au msikiti mmoja, mimi sijui fundi wa kuikadiria.

Ninachopendekeza kwa mawakili na wenyeviti wa mitaa wa Moshi na Arusha wanaosimamia mauziano ni kuongeza aya moja katika mikataba yao, ambayo muuzaji ataeleza humo kwa maneno yake ni wapi nyumba imewahi kuvuja au kuota ukungu, nini kilifanyika, lini, na kama tatizo limerudi. Kwa nyumba zinazouzwa kati ya Desemba na Februari ningeomba waende hatua moja zaidi: sehemu ndogo ya bei, kwa makubaliano ya pande zote, ibaki kwa wakili hadi mwisho wa Mei, mvua ikiwa imeshaipima nyumba. Nimeshaambiwa na wauzaji kwamba Januari wana ada za shule na hawawezi kusubiri, na nawaelewa. Kwa hao, sehemu inayobaki inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutosha siling bodi za chumba kimoja na ujira wa fundi. Fundi wa kuamua kama kuta zimepita salama atajwe kwa jina siku ya kusaini, maana wakisubiri hadi Mei kumtafuta, kila upande utakuja na wake.

Fundi ujenzi mstaafu,
Rau, Moshi.